USHAURI: Mama kapata kazi California, barua ya kaunti yasema atakatwa fedha. Je, Medi-Cal ya watoto (bima ya afya ya serikali) itaondoka?

Msaidizi_Sac:
Habari za jioni wana jukwaa. Naomba msaada kwa niaba ya mama mmoja tunayesali naye Sacramento. Yuko peke yake na watoto wawili, wa miaka 4 na 9. Anapokea CalWORKs, ule msaada wa fedha kwa familia zenye watoto, na wote wana Medi-Cal. Amepata kazi ya usafi, saa 25 kwa wiki, kama $1,900 kwa mwezi kabla ya makato. Barua ya Kiingereza ilimwita kwenye miadi, hakuielewa, hakwenda. Sasa imekuja nyingine: sehemu yake ya fedha itakatwa kuanzia tarehe 1. Anataka kuacha kazi ili watoto wasipoteze bima. Nimwambie nini?

Mkalimani_SD:
Asiache kazi! Mzazi aliye peke yake mwenye mtoto chini ya miaka 6 anadaiwa na CalWORKs saa 20 tu za kazi au shughuli zinazokubalika kwa wiki. Kazi ya mshahara inahesabika, kwa hiyo saa 25 zinatosha na kuzidi. Tatizo ni kwamba kaunti haijaona ushahidi.

Apige simu kesho asubuhi, na neno la kwanza liwe "Swahili". Mkalimani ni haki yake, bila malipo. Asimtumie yule mtoto wa miaka 9 kutafsiri. Mtoto ataruka neno gumu, na mara nyingi ndilo neno lenye tarehe. Apeleke karatasi za mshahara za mwezi mzima na aeleze kwa nini alikosa miadi: barua haikuwa kwa lugha yake. Kama hakuwa na wa kumwachia mtoto au hakuwa na usafiri, aseme pia, hizo ni sababu zinazokubalika. Aombe risiti ya kila karatasi anayoacha dirishani.

BintiPwani:
Naongezea la rufaa. Ana siku 90 kuomba kusikilizwa na jimbo, lakini akiomba kabla ya hiyo tarehe 1, fedha haikatwi wakati anasubiri. Ajue pia kwamba akishindwa anaweza kudaiwa alizopokea katikati.

Na hata wakimkata, inayokatwa ni sehemu ya mama tu. Ya watoto inaendelea. Medi-Cal haiguswi na adhabu hiyo. Watu wetu wengi huona fedha na bima ni kitu kimoja kwa sababu bahasha zote zinatoka kaunti.

Mkalimani_SD:
Hesabu ya mshahara ni hii, dada. $1,900 toa $600, zinabaki $1,300. Nusu yake, $650, ndiyo inayopunguzwa kwenye msaada. Kwa hiyo kila dola ya kazi bado inamwachia kitu mkononi.

Upande wa bima, kwa viwango vya 2025 familia ya watu watatu: mtu mzima anabaki Medi-Cal hadi kipato kifike kama $3,065 kwa mwezi, watoto hadi kama $5,900. Yuko mbali sana na hapo. Hata siku mshahara ukimtoa CalWORKs, kuna Medi-Cal ya mpito ya hadi miezi 12.

Mama_K:
Wengi hawaangushwi na mshahara, wanaangushwa na fomu. SAR 7, ile fomu ya kuripoti kipato kwa CalWORKs katikati ya mwaka, irudi ifikapo tarehe 5 ya mwezi inapodaiwa. Ikipita tarehe 11 imechelewa na msaada unaweza kufungwa mwisho wa mwezi. Kipato kikivuka kiwango kilichoandikwa kwenye barua yake, aripoti ndani ya siku 10. Bahasha ya kuhuisha Medi-Cal huja kila mwaka. Akihama bila kutoa anwani mpya haimfikii, anafungiwa, na atajua akiwa kaunta ya dawa. Ikitokea, akirudisha fomu ndani ya siku 90 haanzi maombi upya.

Halafu aombe malezi ya mtoto yalipiwe, hiyo ni sehemu ya mpango. Bibi, shangazi au mjomba anaweza kulipwa bila kupitia Trustline, ukaguzi wa rekodi za uhalifu za walezi. Jirani lazima apitie.

Msaidizi_Sac:
Asanteni sana. Kanisani wanasema pia kuna sheria mpya ya kufanya kazi ndiyo upate Medi-Cal?

BintiPwani:
Ipo, ya 2025: saa 80 kwa mwezi kwa baadhi ya watu wazima, kuanzia Januari 2027. Watoto hawahusiki, na mzazi anayelea mtoto wa miaka 13 au chini ameachwa nje. Ukiwatangazia watu, anza na hilo, maana wakisikia nusu ya kwanza tu watatupa fomu.

Msaidizi_Sac:
Nimeelewa. Kesho saa mbili asubuhi tutakuwa mlangoni na karatasi nne za mshahara.

Mkalimani_SD:
Bebeni na barua yenyewe pamoja na bahasha yake. Tarehe ya posta iliyogongwa juu yake inaonyesha ilitumwa lini.