Tupeane uzoefu: seva iko fiti mchana kutwa, ukiizima ndipo inaanguka

Fundi wa Nyakato
Mwangaluka wakuu. Kuna tatizo wengi tunalipotezea kwa kauli moja tu: "si ilikuwa inazimwa hata hivyo?" Prosesi (programu inayoendelea kufanya kazi) inaanguka wakati wa kuzimwa, unawasha upya, unakwenda kulala. Mpaka mteja apige simu kwamba risiti anayo mkononi ila mauzo hayamo kwenye ripoti.

Mimi nahudumia wanunuzi wa dagaa pale mwaloni Kirumba. Programu ya mizani na malipo ni ya Python, inaendeshwa na Gunicorn nyuma ya Nginx (seva ya wavuti inayopokea wateja), yote ndani ya Docker, inayofungia kila programu kwenye kontena lake. Kila tukipandisha toleo jipya usiku, rekodi za mwisho mwisho zinayeyuka. Ukifungua logi, kimya. Jibu lilikuwa kwenye `docker inspect`: ExitCode (namba ambayo prosesi inaacha ikitoka) 137, yaani 128 jumlisha namba ya signali, 9. Hiyo 9 ni SIGKILL, amri ya kuua papo hapo, kwa hiyo prosesi iliuawa, na maiti haiandiki logi. (OOMKilled, alama ya kuuawa kwa kukosa memori, ilisema false, nikajua memori haihusiki. Hilo liangalieni kwanza, maana nalo huleta 137 hiyo hiyo.)

Muuaji alikuwa Docker mwenyewe. Ukisema stop anatuma SIGTERM, ombi la kuzima kistaarabu, anasubiri sekunde 10, kisha anapiga 9. Sasa kwa nini Gunicorn haikuitika SIGTERM? Kontena lilikuwa linawashwa na skripti ya sh inayoandaa majedwali kisha kuita Gunicorn. Namba 1 ndani ya kontena ikawa sh, na sh haipitishi signali kwa mtoto wake. Ni sawa na kumpa konda ujumbe wa dereva, naye akautia mfukoni. Dawa ilikuwa neno moja kwenye mstari wa mwisho wa skripti: `exec gunicorn ...`, ili Gunicorn ichukue nafasi ya sh. Halafu nikaongeza stop_grace_period, muda ambao Docker anasubiri kabla ya kuua, kwa sababu Gunicorn kwa kawaida inawapa wafanyakazi wake sekunde 30 wamalize, na Docker anatoa 10 tu.

Karibuni, leteni vya kwenu.

Dada wa IIS
Nyie wa Linux mna raha, namba inawaambia kila kitu. Mimi nilikuwa na mfumo wa shule moja hapa mjini, Windows na IIS, seva ya wavuti ya Microsoft. Malalamiko: SMS za wazazi zinatoka nusu, na muda wa tukio unahama. Jumatatu saa 2 asubuhi, Jumanne saa 7 mchana, Jumatano saa 12 jioni. Mhasibu alishaanza kusema kuna mkono wa mtu.

Mkono ulikuwa wa application pool, prosesi inayoendesha programu ndani ya IIS. Isipoguswa, IIS huizungusha (huwasha mpya na kuzima ya zamani) kila baada ya dakika 1740, ambazo ni saa 29, ndiyo maana kila siku tukio linasogea saa 5 mbele. Watumiaji hawaoni kitu, kwa kuwa w3wp.exe mpya, ndiyo prosesi ya pool, inawashwa kabla ya ya zamani kuondoka. Ila ile ya zamani ilikuwa na thredi ya pembeni (mkondo wa kazi ndani ya prosesi) inatuma SMS. Vitu vyake vikishafungwa, thredi inajaribu kuvitumia, inapata ObjectDisposedException, hakuna wa kuidaka. Na tangu .NET 2.0 (.NET ni jukwaa la Microsoft ambalo programu imejengwa juu yake), kosa lisilodakwa kwenye thredi yoyote linaondoka na prosesi nzima. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, linaacha nyayo mbili: 1026 ya .NET Runtime na 1000 ya Application Error. Someni 1026, ndiyo yenye jina la kosa na mahali lilipotokea kwenye kodi.

Kwa anayetaka ushahidi kamili: `appcmd list wp` ikupe PID, namba ya prosesi, kisha `procdump -e -ma` na PID hiyo inase memori ikianguka, uzungushe pool kwa mkono. Tiba tuliyoweka ni kuisajili kazi ile kwa HostingEnvironment.RegisterObject, ili ASP.NET ikitaka kufunga iiambie kwanza. Baadaye SMS tulizihamishia kwenye huduma yake yenyewe, na kusema kweli zilipaswa kukaa huko tangu mwanzo.

Ngosha_9
Mbona mnajitesa. Mimi `kill -9`, nawasha, maisha yanasonga.

Fundi wa Nyakato
@Ngosha_9 siku ukiimwagia Apache ya prefork (seva ya wavuti yenye prosesi mama na watoto) hiyo 9 kwenye prosesi mama, watoto watabaki wameshikilia poti 80, utawasha upya na kuambiwa anwani inatumika. Utarudi hapa, tupo.

Ngosha_9
😂😂 Kumbe ndio ile! Nilikuwa nareboot mashine nzima.

Mtoto wa Igoma
Yangu inahusu umeme, na wa Igoma tunaelewana. Seva iko kwenye UPS, tumeweka NUT, programu ya kusimamia UPS: betri ikishuka, mashine ijizime kistaarabu. Betri imezeeka, inabeba dakika chache tu. Siku umeme ulipokatika nilikuwepo ofisini, nikakaa mbele ya skrini. Kila huduma inafunga vizuri, inabaki moja, ya Node.js (JavaScript upande wa seva), na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, anahesabu sekunde... sekunde 90 ndiyo subira yake ya kawaida. Hazikutimia. Giza.

Databesi yetu, PostgreSQL, ilijiponya yenyewe ilipowashwa, WAL (logi ya mabadiliko inayoandikwa kwanza) ndiyo kazi yake. Kilichoharibika ni faili za PDF zilizokuwa zinaandikwa, nusu nusu.

Kwa nini Node iligoma? Programu ilikuwa inaita server.close() na kusubiri. Hiyo haipokei wageni wapya, ila kwa toleo tulilokuwa nalo haifukuzi koneksheni za keep-alive (zinazoachwa wazi zitumike tena) zilizokaa bure, na Nginx alikuwa amezishikilia. Kuanzia Node 18.2 kuna closeIdleConnections(), tukaiita. TimeoutStopSec, ile subira ya systemd, tukaishusha hadi 20. Kingine ambacho wengi hawakijui: `After=postgresql.service` kwenye faili ya huduma ya systemd (iwashwe baada ya databesi) hufuatwa kinyume wakati wa kuzima. Ukiiandika, programu yako inazimwa kabla ya databesi. Usipoiandika, vyote viwili vinaambiwa vizime kwa pamoja, na programu inabaki inalilia databesi ambayo haipo tena.

mvuvi_wa_kodi
Mimi ExitCode 139, segmentation fault, yaani programu imegusa memori isiyoruhusiwa. Moduli ya C++. `coredumpctl gdb` kufungua memori iliyonaswa ilipoanguka, halafu `thread apply all bt` kuona kila thredi ilikuwa wapi. Thredi kuu iko ndani ya `__run_exit_handlers`, yaani main imeshamaliza na vitu vya jumla vinabomolewa. Thredi nyingine iko katikati ya kuandika logi, na logi yenyewe ndiyo imeshabomolewa. Tukaweka join (kusubiri thredi imalize) kabla ya kutoka main, ikaisha. Kosa la namna hii halitokei kila mara, ni nani kamaliza kwanza, kwa hiyo ukijaribu kwenye laptopu yako ikapita usitangaze ushindi.

Binti Nyegezi
Wakuu asanteni. Swali: Nginx yangu nikiizima, wateja waliokuwa katikati ya kupakua faili wanakatika. Hiyo nayo ni kuanguka?

Fundi wa Nyakato
@Binti Nyegezi hapana dada, umemwambia akate naye kakata. Kwa Nginx, SIGTERM ni kuzima haraka. Kwa kumaliza kazi kwanza tumia `nginx -s quit`, ambayo ni SIGQUIT. Kama una WebSocket (koneksheni zinazobaki wazi muda wote) weka pia worker_shutdown_timeout, ukomo wa kusubiri, la sivyo wafanyakazi wa zamani watakaa humo mpaka mteja wa mwisho afunge simu yake.

Binti Nyegezi
Ninazo WebSocket. Naweka usiku huu, kesho nitaleta mrejesho.