Gongo: kosa Sirari, ukivuka mpaka ni biashara?

Mkurya wa Mpakani:
Wakuu, habari za jioni. Nimekulia Sirari, upande wa Tanzania wa mpaka na Kenya. Jirani yetu mmoja, mama mjane, alikuwa anapika gongo, pombe kali ya kienyeji, nyuma ya nyumba: pipa juu ya moto, bomba linapita kwenye karai la maji baridi, mwisho kidumu cha lita tano kinapokea tone kwa tone. Watoto wake wamesomeshwa na kidumu kile. Mtaani hakuna aliyemwona mhalifu, tulimpa shikamoo kama mama yeyote. Difenda ya polisi ikionekana barabarani, sisi watoto ndio tuliotumwa mbio kumtonya. Lakini mtu akiiba kuku, mtaa mzima ulitoka na fimbo.

Ukivuka tu kwenda Isebania, upande wa Kenya, unaambiwa chang'aa, gongo yao, ni halali tangu 2010. Wakurya huku, Wakurya kule. Nani anaamua hiki ni kosa na kile siyo?

Wakili Msomi:
Isebania isikudanganye. Sheria ya Kenya ya 2010 iliruhusu chang'aa yenye leseni, ndani ya chupa ya kioo isiyopungua mililita 250. Kidumu cha huyo mama hata kule kingemfunga. Uganda ndiyo burudani: kwa Sheria ya Enguli (gongo yao) ya 1965, mpikaji mwenye leseni aliuza kiwandani, enguli ikasafishwa, ikatoka Uganda Waragi. Asiye na leseni akawa mhalifu. Na jambo lenyewe ni la zamani. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ulizuia kutengeneza pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, huku wazungu wakiendelea na wiski zao. Tulipopata uhuru tuliondoa ubaguzi, leseni ikabaki. Swali la sheria ni nani kapika na nani kalipa kodi.

Nesi Mstaafu:
Wanangu, kodi tu? Mmesahau Kirinyaga, Kenya, Februari 2024, watu zaidi ya kumi walikufa kwa pombe ya sumu? Nimewahi kumpokea kijana saa saba mchana ananiuliza, "Nesi, mbona mmezima taa?" Methanoli hiyo, alkoholi ya sumu. Macho hayakurudi. Mimi sheria naitaka, tena kali.

Mkurya wa Mpakani:
Shikamoo mama, na pole kwa uliyoyaona. Sikatai. Ila methanoli ya kupofusha watu kwa mkupuo mara nyingi ni ya viwandani, inachanganywa na wanaotafuta faida ya haraka. Jirani yetu yeye alimwaga ile ya kwanza kutoka, na alionja kabla ya mteja. Sheria inawaweka kapu moja, ndiyo maana mtaa hauisikilizi.

Wakili, nisaidie kwa vitendo: mtu mmoja mwenye pipa moja anaweza kupata leseni ya pombe kali hapa Tanzania, au mpaka awe na kiwanda? Binti wa mwisho wa yule mama ndiye anapika siku hizi, na anauliza kweli.

Wakili Msomi:
Njoo inbox. Na mwambie asipige picha za hilo pipa.