Simbilisi anakimbilia majani halafu hali, shida nini?

mama_jay: Wadau naombeni msaada, simbilisi wangu jike anakimbilia majani kama kawaida ila akitafuna kidogo anayaacha, kidevu kimelowa mate na kinyesi kimekuwa kidogo kama punje za mchele. Hakohoi wala nini. Nisubiri?

fugafuga: Usisubiri dada. Hawa wanaficha ugonjwa sana maana porini anayeonekana dhaifu ndo analiwa kwanza. Mate kidevuni mara nyingi ni meno, hayaachi kukua, ya nyuma yakirefuka yanabana ulimi, njaa anayo ila kutafuna hawezi. Akipitisha masaa 12 bila kula tumbo linaweza kugoma kabisa, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo leo.

Kibwana: Na jamani usimpe amoksilini ya watu, inaua bakteria wazuri wa tumboni na yeye anaweza kufa.

fugafuga: Kweli kabisa. Akipona nunua mzani wa jikoni umpime kila wiki, manyoya yanaficha kukonda. Pilipili hoho pia kila siku, mwili wao hautengenezi vitamini C, akiikosa viungo vinauma anagoma kutembea watu wanadhani mvivu.

mama_jay: Asanteni, natoka naye sasa hivi.