Mafundi wa "fangasi" Mtwara na Lindi, pimeni ukuta kwanza ndipo mtaje bei!

Wakuu, hii tabia ya kuita kila doa la ukutani fangasi imevuka mpaka. Mvua zikianza tu huku kusini, fundi anaingia kwenye nyumba ya mtu Shangani au Mikindani, anamulika tochi dakika mbili, anasema "fangasi hatari hii mama", kisha anataka hela ya kubandua lipu chumba kizima. Hajapima chochote. Huo ni wizi.

Tuanze na chumvi, maana ndiyo inayowaliza watu wa pwani. Nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa ufukweni, au isiyowekwa nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, hutoa unga mweupe kuanzia sakafuni hadi kama mita moja, na rangi inavimba. Kwangua huo unga, koroga kwenye kijiko cha maji safi. Ukiyeyuka ni chumvi. Usipoyeyuka, dondoshea siki unga mwingine: ukitoa povu ni chokaa. Hapo hakuna fangasi wa kuua!

Wengine wanakuja na kimashine cha pini mbili cha kupima unyevu, kinalia, mwenye nyumba anatetemeka. Kimashine hicho kinasoma jinsi umeme unavyopita, na chumvi yenye unyevu kidogo tu inaupitisha vizuri. Namba inapanda hata kama hakuna bomba linalovuja. Tena vingi vimepangwa kusoma mbao, si lipu ya saruji.

Doa jeusi, weka tone moja la Jik, subiri dakika 1 hadi 2. Likififia, ni ukungu, yaani hiyo fangasi yenyewe. Likibaki vilevile ni masizi ya mkaa au uchafu. Jaribu kwanza pasipo na doa, kwa sababu rangi ya ukuta nayo huchujuka, na usitumie Jik ya zamani iliyokaa juani, imeshaisha nguvu. Usiweke kamwe mahali ulipoweka siki: vikikutana vinatoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Sasa kipimo ambacho mafundi hawa hawakitaki. Futa vumbi, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, ziba pande zote nne kwa selotepu, acha saa 24. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta: gata, bomba, au ardhini. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa kupikia na nguo zinazoanikwa ndani. Pembe moja ikiachia, rudia.

Na ukithibitika ni ukungu? Mwongozo wa EPA, shirika la mazingira la Marekani, unasema eneo lisilozidi futi 10 za mraba, yaani kama futi 3 kwa 3, kwa kawaida mwenye nyumba analisafisha mwenyewe: sabuni, brashi, glavu, barakoa ya N95, kisha kukausha kabisa. Silingi bodi iliyoota ukungu ing'olewe, isipakwe rangi juu. Wala usilipie maabara ikutajie aina yake wakati ukungu unauona kwa macho.

Tunachodai: fundi aandike maji yanatoka wapi kabla hajapokea hata shilingi, na anayepima asiwe huyohuyo anayelipwa kuondoa. Wenye madoa wekeni picha hapa, mtaje kimo kutoka sakafuni na kilichopo nyuma ya ukuta huo, tuyachambue moja moja.