Kikundi chetu kinaenda kuangalia onyesho la vita ya Isandlwana: tujipangeje?

Tausi_M
Habari zenu wakuu. Naratibu safari ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, watu 14, tunaelekea KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, mwezi Januari. Siku moja tumeitenga kwa ajili ya lile onyesho la vita linalofanyika Jumamosi ya karibu na tarehe 22. Ratiba imeanza kuniletea maneno. Nusu ya kikundi wanataka ufukwe wa Durban, vita haviwahusu. Mama mmoja ana presha na anaogopa milio ya bunduki. Kuna watoto wawili. Halafu kaka mmoja anashikilia kwamba kuigiza watu wanavyouana mahali walipozikwa ni kucheza na makaburi. Aliyewahi kufika anisaidie: ni kitu cha kumlazimisha mtu aende? Tukae wapi, na tufike saa ngapi?

Kibuyu
Kofia, maji mengi, viti vya kukunja. Januari kule ni msimu wa joto na pale uwandani usitegemee kivuli cha mti. Mchana ukipita salama, alasiri radi. Mengine watakwambia waliosoma historia.

Sajini_Mstaafu
Dada Tausi, mimi nilikwenda na wastaafu wenzangu kwa basi. Usimlazimishe mtu, ila usimwache mtu apande basi bila kujua anakwenda kuona nini. Siku ile kipaza sauti kilikuwa kinapigana na upepo, na maneno mengi yakaenda zake. Waliojua kisa walifurahia, wasiojua waliona watu wanakimbia kwenye nyasi.

Kwa hiyo wasimulie njiani. Kwa ufupi: tarehe 11 Januari 1879 Lord Chelmsford, jemadari wa Waingereza, alivuka mto Mzinyathi kuingia nchi ya Wazulu. Akapiga kambi chini ya mlima Isandlwana, hakuchimba handaki, hakuizungushia kambi magari. Alfajiri ya tarehe 22 akachukua karibu nusu ya jeshi kwenda kuwatafuta Wazulu upande ambao hawakuwepo. Kambini wakabaki watu kama 1,700. Jeshi la Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, watu zaidi ya 20,000, lilikuwa limekaa kimya kwenye bonde la Ngwebeni. Likiongozwa na Ntshingwayo kaMahole, mzee wa karibu miaka 70 aliyetembea kwa miguu kama vijana wake. Wapelelezi wa Kiingereza wakafika ukingoni mwa bonde, wakachungulia chini. Kilichofuata ndicho mnakwenda kukiangalia.

Fikeni mapema, watu hawajajaa. Tembeeni mteremkoni mkaone marundo ya mawe yaliyopakwa chokaa. Ni makaburi ya upande wa Waingereza, kila rundo lina watu kadhaa, karibu na pale walipoangukia. Yafuateni kwa macho kutoka kambini kuelekea mto Mzinyathi: mwanzoni yamesongamana, halafu yanaanza kuachana, mbele kule yamebaki machache machache. Mtu aliyewahi kushika silaha haelezwi, anaona mwenyewe kikosi kilipovunjika na watu walipoanza kukimbia kila mmoja na lake. Maiti zile zilikaa juani, Waingereza wakarudi kuanza kuzika tarehe 21 Mei. Kwangu mimi saa ile ya asubuhi ilizidi onyesho lenyewe.

Onyesho likianza, kila mtu anatazama safu ya Waingereza wenye makoti mekundu kwa sababu ndiko kuna moshi. Msidanganyike. Wazulu walipigana kwa umbo la nyati: kifua kinakuja mbele kikushughulishe, pembe mbili zinazunguka, na akiba inakaa nyuma. Pembe ya kulia ilipita nyuma ya mlima na kufunga njia ya kukimbilia. Wenzangu walikuwa wanapiga picha mbele, mimi naangalia pembeni, naona ngao zinashuka ndani ya nyasi ndefu, watu wameinama. Wakasimama kwa pamoja, wakapiga mikuki kwenye ngao na kuitikia "Usuthu!", ukelele wao wa vita. Simu zote zikageuka, wakati kazi imeshaisha.

Upande wa Waingereza huwa wapo watu wa kikundi kiitwacho Dundee Diehards, wenye sare za kikosi cha 24 cha jeshi la Uingereza la wakati ule. Tafuta mmoja, umkazie macho mikononi. Bunduki ya Martini-Henry inabeba risasi moja tu: anashusha mtaimbo chini ya kitako, ganda linaruka nyuma, anatia nyingine kwa vidole, anafunga, analenga. Hesabu mwenyewe muda anaotumia, halafu fikiria watu 20,000. Kuna mmoja "alikufa" karibu yetu. Alilala vizuri kabisa, mkuki juu yake, kisha mkono ukaanza kutambaa taratibu ukavuta kofia kufunika uso, jua lilikuwa kali. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Hao watoto wapeni kazi ya kutafuta mwenye koti la giza. Maofisa watano wa jeshi la Uingereza waliotoka hai siku ile walikuwa wamevaa makoti ya bluu iliyokolea, na inaelezwa kwamba mfalme aliwaambia watu wake askari ni wale wa nguo nyekundu.

Mama wa presha akae upande upepo unakotokea na mbali na safu, moshi usimfuate. Ni risasi baridi, za mlio tu, lakini mlio ni mlio. Kinachomshtua mtu ni kutojua utatokea saa ngapi, na hapa ofisa anatoa amri kwanza. Akimwona ameinua upanga, azibe masikio.

Mngoni_halisi
Sisi Wangoni hayo mapembe babu zetu walikuja nayo kutoka huko huko, kwa hiyo nakubaliana na mzee kwenye mbinu. Lakini huyo kaka msimpuuze. Ninachoshindwa ni hii habari ya onyesho kuishia pale pale pa ushindi na makofi. Wale waliokufa kambini, zaidi ya 1,300, mamia walikuwa Waafrika wa kikosi cha Natal waliopigana upande wa Waingereza, wamefungwa kitambaa chekundu kichwani ili watambulike. Nani anawaigiza? Na tarehe 4 Julai mwaka huo huo Ulundi, makao makuu ya mfalme, ikachomwa, Agosti mfalme akakamatwa. Mtoto akitoka pale anajua Wazulu walishinda, basi.

Sajini_Mstaafu
Mkuu, hapo kwa kitambaa chekundu umenigusa. Siku niliyokwenda sikuona anayewaigiza, na lilinikera. La Ulundi ni juu ya mratibu kulisema kwenye basi wakati wa kurudi, onyesho la mchana mmoja haliwezi kubeba vita nzima. Ila kuita kucheza na makaburi nakataa. Wengi wanaobeba ngao pale wanaigiza babu zao, na hao waliopoteza watu wapatao 1,000 siku ya ushindi wao hawana rundo la chokaa hata moja. Dada Tausi, huyo kaka mpeleke kwenye kumbukumbu yao, mkufu mkubwa wa shaba, ule wa ushujaa wanaouita isiqu. Umewekwa 1999, miaka 120 baadaye. Akimaliza hapo ndipo aamue kama atakaa kwenye basi.

Tausi_M
Shikamoo mzee. Ahsanteni nyote, hata wa ufukweni wameanza kuuliza maswali. Mngoni, hilo la Ulundi nitakupa wewe uandike nami nisome. Mzee, la mwisho: Rorke's Drift, kile kituo cha Waingereza kilichoshambuliwa siku ile ile ya vita, tunaiweza siku hiyo hiyo?

Sajini_Mstaafu
Marahaba. Iko kilomita 11 hivi kwa mstari, barabara inazunguka kidogo. Watu kama 150 walijifungia nyuma ya magunia ya mahindi na maboksi ya biskuti, wakawazuia Wazulu 3,000 hadi 4,000 mpaka asubuhi. Nishani za Victoria Cross, za juu kabisa za ushujaa kwa Waingereza, zikatoka 11. Maoni yangu: zilisaidia sana magazeti ya London kuandika kitu kingine badala ya Isandlwana. Nendeni siku inayofuata mkiwa hamjachoka, na msiokote chochote kwenye uwanja wowote kati ya hivyo viwili, hata ganda la risasi. Ni kosa la jinai.

Na mwambie dereva ageuze basi mapema asubuhi, uso uangalie barabara. Mvua ikishuka, magari yote yanataka kutoka kwa wakati mmoja kwenye tope.