Amplifaya ya spika za mzee: nichukue ipi kwa 30,000?

MwanaWaUmoja

Habari za jioni, wadau. Nisaidieni kabla sijapeleka pesa Luthuli, kwenye maduka ya elektroniki hapa Nairobi.

Mzee wangu alistaafu akarudi Kakamega, akaniachia vitu vyake vya muziki: spika mbili za mbao zinazofika magotini, gramafoni, na santuri kama 60, nyingi za benga na rumba. Kadhaa zina majina ya watu wengine kwenye majalada, alioazima na kusahau kurudisha. Amplifaya yake ilikufa zamani na mama akampa mtu wa vyuma chakavu. Hilo tuliache, limeshaleta maneno ya kutosha nyumbani.

Nimechomeka gramafoni kwenye wufa yangu ya kawaida, pale palipoandikwa AUX. Inalia, lakini kama mbu ndani ya mkebe. Besi hakuna. Nikipandisha volyumu mpaka mwisho napata mvumo tu. Je, gramafoni imekufa?

Jumamosi nilipita Luthuli Avenue. Kijana mmoja akaniwekea mezani kidude kilichoandikwa wati 1200 PMPO, taa za buluu zinacheza, Bluetooth, tundu la flashi, na maiki mbili za karaoke. 14,000. Duka la pili wakanionyesha Yamaha A-S301: wati 60 kila upande, haina mbwembwe yoyote, na bei yake nilipoisikia nikaomba kiti. Sasa wati 60 zinazishindaje 1200?

Nyuma ya spika za mzee pameandikwa ohmu 8 na desibeli 86. Nakaa chumba na sebule, ghorofa ya tatu, na jirani wa chini ana mtoto mchanga. Bajeti ni 30,000, nikijibana sana 35,000.

KinyoziDonholm

Chukua hicho cha 14,000, ndugu yangu, pesa inayobaki ununue nyama. Mimi ninacho dukani mwaka wa pili, wateja wanafurahi. Muziki ni muziki.

FundiMstaafuNgara

Kinyozi, dukani kwako kuna mashine ya kunyolea inapiga kelele, shabiki watatu wa mpira na redio ya jirani. Hapo sawa. Kijana anauliza mambo ya santuri.

Mwanangu, gramafoni yako ni nzima. Sindano ya kawaida hutoa umeme kidogo mno, kama milivolti 5. Tundu la AUX linangoja mara 50 ya huo au hata 100, ndiyo maana unasikia mbu. Halafu kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi. Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa makusudi na sauti nyembamba huongezwa, la sivyo mifereji ingekuwa mipana na wimbo usingeenea. Kazi ya kuirudisha besi mahali pake ni ya amplifaya. Kanuni yake inaitwa RIAA, iko tangu 1954, na saketi yake iko nyuma ya matundu yaliyoandikwa PHONO. Wufa yako haina. Hicho kidude cha taa usitegemee kuwa nayo. Nimefungua vya aina hiyo vingi, sijaikuta hata kimoja.

Kuhusu wati 1200: kigeuze usome kibandiko cha nyuma, kile cha mbele chenye PMPO ni matangazo. Nyuma wanaandika kinakula wati ngapi kutoka kwenye soketi. Kama kinakula 80, hizo 1200 kinazitoa wapi, kwa maombi? Tafuta namba iliyoandikwa RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, kwa ohmu 8 kama za spika zako, pande zote mbili zikifanya kazi pamoja.

Spika za mzee ni desibeli 86. Maana yake ukizipa wati 1, ukisimama mita 1 mbele yake, unapata 86, na kwa hiyo tu jirani wa chini ataanza kukufahamu. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3, basi. Ukitoka wati 30 kwenda 60 utaijua tofauti ukitega sikio. Sikio likubali kwamba sauti imekuwa maradufu, unahitaji wati mara 10 hivi. Kwenye sebule ya mtaani Umoja, jioni, utakuwa unatumia wati 1 au 2, zilizobaki ni za ile ngoma inayoshtukiza. Mwaka 1978 kampuni ya NAD walitoa amplifaya ya 3020, iliyobuniwa na Erik Edvardsen, na kwenye karatasi ilikuwa wati 20 tu. Ilipendwa dunia nzima kwa sababu mpigo ukija ghafla iliweza kutoa zaidi ya hizo kwa kitambo kifupi bila kulia vibaya. Moja ilikaa mezani pangu miezi minne, mwenyewe akisafiri. Siku aliyokuja kuichukua niliumwa kichwa.

Kwa 30,000 sahau mpya. Tafuta ya mtumba, na ikiwezekana iliyotoka Uingereza, kwa sababu plagi ni ile ile ya miguu mitatu na volti zinaoana na 240 zetu. Za Japani ni volti 100, za Marekani 120. Ukiichomeka ya namna hiyo hapa Nairobi bila transfoma ya kushusha umeme, utanusa kabla ya kusikia. Usome nyuma, usimsikilize muuzaji.

Ukiipata, iwashe kabla ya kufunga spika. Nyingi zina rilei ya ulinzi, swichi inayounga spika yenyewe: hesabu sekunde 3, 4, 5, usikie "tap" ndani. Isipolia, muulize kwa nini, na akianza kukuhubiria ondoka. Zungusha volyumu polepole. Ikikwaruza kama bisi kwenye sufuria, hilo ni vumbi, mwambie apunguze 2,000 nitaisafisha mimi. Beba multimita, kile kipima umeme, weka kwenye milivolti za DC, gusa matundu ya spika bila muziki wowote. Chini ya 50 una amani. Ikisoma volti nzima, usikubali kabisa, itaunguza koili za spika za mzee na hutapata zingine.

Kwa sababu ya yule mtoto, chagua yenye kitufe au kirungu cha LOUDNESS. Vijana wanakicheka. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti ikishuka, sikio la mtu hupoteza besi kwanza. Hicho kitufe kinaijazia. Ndicho kinachofanya besi ya benga itembee saa tatu usiku bila mtu kugonga mlango.

Na stima ikipotea, ichomoe. Usingoje irudi. Kilichojaza meza yangu miaka yote ile ni ile sekunde ya stima kurudi.

NyabokeRoysambu

Mzee Fundi, shikamoo. Mimi naona mnamtisha kijana na masanduku ya kilo 7. Natumia kiamplifaya cha Class D, aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto, chenye chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments, ni kidogo kuliko pakiti ya unga. Nililipa 6,500, nikaongeza kisanduku cha phono cha 3,500, na kinasukuma spika zangu za rafuni vizuri tu. Hakipati moto, tokeni hazikimbii.

Ila angalia adapta. Mimi niliuziwa na ya volti 12 badala ya 24, nikaanza kulaumu spika. Volti zikiwa nusu, nguvu inabaki kama robo. Nilibadilisha adapta, nikasikia chombo kingine kabisa.

FundiMstaafuNgara

Marahaba, binti yangu. Sipingi, hizo chipu ni nzuri. Kasoro yake kwangu ni moja: ikiungua, fundi hana la kufanya, unatupa. Ile ya kilo 7 nitaifufua hata mwaka 2040, nikiwa hai.

MwanaWaUmoja

Wadau, nimerudi baada ya wiki tatu.

Nimepata ya mtumba, Uingereza, wati 40, ina PHONO na ina LOUDNESS. Jina silitaji msije mkapandisha bei. Aliomba 26,000. Volyumu ilikwaruza, nikamwambia neno la bisi, tukamalizia 23,000. Rilei ililia kwenye sekunde ya nne. Multimita ya kuazima ilisoma 12 upande mmoja, 19 upande wa pili. Muuzaji aliniangalia kama mtu wa kodi.

Waya nilinunua hadwea, ule wa shaba wa milimita mraba 2.5 wa soketi za nyumba. Jioni ya kwanza nusura nilie: besi imepotea tena, na mwimbaji yuko kila mahali na hayuko popote. Nikakaa saa nzima nikiilaani pesa yangu. Kumbe spika ya kushoto nilikuwa nimeifunga kinyume, nyekundu kwenye nyeusi. Nilipogeuza, yule mtu akaja akasimama katikati ya ukuta, kati ya spika mbili, juu kidogo ya televisheni.

Sikujua kwamba kwenye hizi santuri kuna gitaa mbili. Nimekua nikizisikia, ningeapa ni moja. Ya pili iko kulia, inapiga kitu kile kile kifupi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayesuka mkeka, na besi inaingia kwenye nafasi anazoacha. Kwenye moja kuna mtu anakohoa kabla ya ngoma kuanza. Nimeirudia hiyo kikohozi mara tano.

Nimezisogeza spika zikatoka ukutani hatua moja, chini nimeweka mawe mawili mawili ya ujenzi, na ukuta wa nyuma nimetundika zulia kuukuu kwa sababu sebule ilikuwa inarudisha sauti kama kanisa tupu. Jirani wa chini nilimuuliza kwenye ngazi. Alisema anasikia "kitu cha zamani, kwa mbali", na mtoto analala.

Jana nimempigia mzee, nikaweka simu mbele ya spika. Akanyamaza wimbo mzima. Nikangoja aseme neno. Akauliza: "Hiyo sindano umebadilisha?" Nikasema bado. Akasema aliinunua kabla sijaanza shule, na kwamba ninazichimba santuri zake kwa msumari, nizime mara moja.

Nimezima. Sindano zinapatikana wapi?

NyabokeRoysambu

Kenyatta Market, uliza wanaouza santuri. Ichomoe ya zamani uende nayo mkononi, usiende na picha.