Priampu ya valvu ya bei nafuu: nichukue ipi?

Wakuu, amplifaya yangu ya transista inapiga safi ila waimbaji wanasikika wakavu. Nataka priampu (kifaa cha kukuza sauti kabla haijafika kwenye amplifaya) ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, isiyonifilisi. Kuna yenye valvu aina ya 12AX7 na yenye 12AU7.

— 12AU7. Kipimo chake cha ukuzaji ni kama 20; cha 12AX7 ni 100. Kwa CD, 100 ni nguvu ya ziada isiyo na kazi: ukigusa volyumu kidogo tu spika zinapiga kelele, na mvumo juu.

— Uliza kwanza valvu inapewa volti ngapi, ujue kama inafanya kazi kweli. Nilinunua moja, valvu inang'aa kweli, kumbe mwanga ni wa LED iliyofichwa chini yake! Nilicheka kwa uchungu.

— Gonga valvu kwa kucha polepole, usikie kama inadaka mitikisiko. Yangu ililia "ting" kwenye spika, nikaibadilisha, kimya.

— Asanteni. 12AU7 basi, na kucha ninazo.